Faida ipo kwenye ripoti, benki hakuna kitu: maneno ya fedha kwa mjumbe mpya wa kamati

SWALI

Shikamoo, mtaalamu. Wanachama wa ushirika wetu wamenichagua kuingia kamati ya fedha, na mkutano mkuu uko karibu. Uhasibu sijausomea. Nimepewa ripoti ya mwaka, taarifa ya benki, na barua za benki mbili zinazotaka kutukopesha 12,000 (tarakimu zote ni kwa maelfu). Kila ukurasa una maneno ambayo wenzangu wanayatamka kwa kujiamini, nami naitikia tu. Ripoti inasema tumepata faida ya 4,000, lakini benki tumebakiwa na 300. Fedha zimekwenda wapi? Benki ya kwanza inataka riba ya asilimia 12, ya pili asilimia 18, na mwenyekiti anasema hata mtoto anajua ipi ni nafuu. Mweka hazina naye anataka akiba yetu ya 7,500 tuiingize kwenye hatifungani za serikali kwa sababu hazina hatari. Nielewe vipi haya yote kabla sijaombwa kunyoosha mkono?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimezipitia karatasi zako zote, na nianze na linalonitia wasiwasi: mweka hazina wenu anataka kuwekeza fedha ambazo hazipo. Tutafika huko. Hamkuibiwa, kwa ninavyoona, na ripoti yenu haina uongo. Ila imesomwa na watu wanaodhani kila tarakimu iliyoandikwa "faida" au "akiba" ni noti zilizolala mahali fulani.

Ukikutana na neno lolote la fedha usilolijua, uliza kwanza: hapa nani anamdai nani? Kisha uliza kama tarakimu hiyo ni ya siku moja au ya kipindi kizima. Maswali hayo mawili yatakuvusha sehemu kubwa ya karatasi hizo, na ndiyo nitakayoyatumia hapa chini.

Chukua taarifa ya benki. Umeweka alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu kwenye daftari lenu fedha ikiingia benki mhasibu anaiandika upande wa debiti, lakini benki yenyewe inaiandika krediti. Wote wawili wako sahihi. Taarifa ile ni ukurasa uliotolewa kwenye vitabu vya benki, ambako nyinyi ni watu mnaoidai. Fedha mkishaipeleka benki inakuwa yake kuitumia, na mnachobaki nacho nyinyi ni haki ya kudai kiasi hicho mnapokitaka. Amana yenu ni mali kwenye mizania yenu, yaani orodha ya mali na madeni, na ni deni kwenye mizania ya benki. Mkipewa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya mlichoweka, mambo yanageuka: salio linakwenda upande wa pili na sasa nyinyi ndio mnaodaiwa.

Kila tukio la fedha huandikwa mara mbili, mahali palipopokea na mahali palipotoa. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliueleza utaratibu huo kwa maandishi mjini Venice mwaka 1494, na hata wakati huo wafanyabiashara wa Italia walikuwa wameutumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo usiogope debiti na krediti. Hazina maana ya kizuri na kibaya, ni majina ya upande wa kushoto na upande wa kulia wa daftari.

Sasa ripoti yenyewe. Ina taarifa tatu, na nimeona mmezishika mbili tu. Mizania ni ya siku moja: siku ya kufunga mwaka mlikuwa na mali gani, mlidaiwa nini, na kilichobaki kuwa cha wanachama ni kipi. Taarifa ya mapato na matumizi ni ya mwaka mzima: mliuza nini na kuliuza kuligharimu nini. Ya tatu, mtiririko wa fedha, ni ya mwaka mzima pia, lakini inahesabu fedha taslimu peke yake, iliyoingia na iliyotoka. Hiyo ya tatu ndiyo ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye jibu lako.

Mlianza mwaka mkiwa na 2,500 benki. Mlipata faida ya 4,000. Mtu angetegemea kukuta 6,500, lakini mmekuta 300. Tuifuate njia.

Ndani ya matumizi ya mwaka kuna 1,000 ya uchakavu wa mashine. Mashine mliinunua kwa 6,000, na mhasibu amekadiria itafanya kazi miaka sita, hivyo kila mwaka anaondoa 1,000 kwenye faida. Hiyo 1,000 haikulipwa kwa mtu yeyote mwaka huu. Ni sehemu ya bei ya mashine iliyogawanywa kwa miaka. Kwa kuwa haikutoka, tunairudisha: 5,000.

Wadaiwa, yaani wateja waliochukua bidhaa na hawajalipa, walikuwa 1,800 mwanzoni mwa mwaka na sasa ni 5,000. Mauzo huhesabiwa kuwa mauzo siku mteja anapokabidhiwa bidhaa na ankara, hata kama atalipa baada ya miezi mitatu. Faida yake imeshaingia kwenye ripoti, ila fedha yake bado iko mfukoni mwake. Ondoa ongezeko la 3,200. Bidhaa ghalani zimepanda kutoka 2,500 hadi 4,000, kwa hiyo 1,500 nyingine imegeuka kuwa magunia na makasha. Upande wa pili, wadai wenu, yaani wale mliochukua mali kwao bila kulipa bado, wamepanda kutoka 1,300 hadi 1,800, na hiyo 500 ni fedha ambayo bado mmeishikilia. Ukishajumlisha na kutoa, shughuli zenu za mwaka mzima zimeleta taslimu 800 tu.

Kisha mashine: 6,000 ilitoka mkupuo mmoja. Mlikopa 5,000 na mkalipa 2,000 ya deni hilo. Angalia vizuri hapa, kwa sababu kamati nyingi huteleza: mkopo ukiingia si mapato, na kulipa mkopo wenyewe si matumizi. Riba ndiyo matumizi. Kiini cha mkopo huingia na kutoka bila kugusa faida hata kidogo. Kwa hiyo 800, toa 6,000, ongeza 5,000, toa 2,000, unapata upungufu wa 2,200. Mlikuwa na 2,500, zimebaki 300. Hesabu imefunga.

Katika njia yote hiyo, pale pa wadaiwa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine. Mauzo yenu ya mwaka ni 20,000 na wadaiwa ni 5,000, yaani robo ya mauzo ya mwaka haijalipwa. Hiyo ni sawa na mauzo ya siku karibu 91. Ankara zenu zinasema mteja alipe ndani ya siku 30. Kuna mtu hafuatilii madeni, au wateja wenu hawawezi kulipa, na mambo hayo mawili ni tofauti sana. Uliza kama mhasibu ameweka tengo la madeni yasiyolipika. Tengo hilo ni makisio ya sehemu ya madeni ambayo haitarudi, na huondolewa kwenye faida mapema kabla ya kuthibitika. Kwenye ripoti yenu sijaliona. Kama katika hiyo 5,000 kuna 1,200 ya watu waliokwishatoweka, faida yenu ya kweli ni 2,800, na gawio lolote mtakalolipa zaidi ya hapo litakuwa linatoka kwenye faida za miaka ya nyuma.

Mtu akikuambia uchakavu na ugawaji wa gharama ni mambo ya wahasibu tu, mkumbushe kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom. Mwezi Juni 2002 ilitangaza kwamba dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida zilikuwa zimeandikwa kama ununuzi wa mali ya kudumu. Gharama ya kawaida hukata faida yote mwaka huohuo, lakini ununuzi wa mali hukata kidogo kidogo kwa miaka. Kwa kuhamisha tarakimu kutoka safu moja kwenda nyingine, hasara iligeuka faida kwenye karatasi. Mwezi uliofuata kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kama muflisi. Fedha taslimu zilizotoka zilikuwa zilezile muda wote, kwa hiyo aliyelinganisha faida na taslimu alikuwa na la kuuliza.

Naam, sasa akiba ya 7,500. Mizania yenu upande wa mali ina taslimu 300, wadaiwa 5,000, bidhaa 4,000 na mashine 5,000 baada ya uchakavu. Jumla 14,300. Upande wa pili kuna wadai 1,800, mkopo uliobaki 3,000, hisa za wanachama 2,000, na faida limbikizi ya 7,500, ndiyo hiyo mnayoiita akiba. Jumla 14,300 pia, na lazima zilingane, kwa sababu upande wa kwanza unasema mali ni zipi na wa pili unasema mali hizohizo ni za nani. Faida limbikizi ni dai la wanachama juu ya ushirika wao: faida za miaka yote ambazo hawakugawana. Imekwishakaa ndani ya mashine, ndani ya ghala, ndani ya mifuko ya wateja. Mweka hazina akitaka kununua hatifungani, yaani kuikopesha serikali, fedha aliyo nayo ni 300.

Wanaposema benki ina mtaji mkubwa, kosa hilihili hujirudia. Watu hufikiria sanduku lenye fedha. Mtaji wa benki ni sehemu ya mali yake ambayo ni ya wenye benki, haidaiwi na wenye amana. Kazi yake ni kubeba hasara kabla hasara hiyo haijawafikia wenye amana. Makubaliano ya Basel ya mwaka 1988, ya wasimamizi wa benki wa nchi mbalimbali, yaliweka kiwango cha chini cha asilimia 8 ya mali iliyopimwa kwa uzito wa hatari zake, yaani mali yenye hatari zaidi huhesabiwa zaidi. Fedha zinazowekwa benki kuu kwa ajili ya kulipa wateja ni jambo jingine kabisa, na sheria zake ni nyingine: Marekani, kwa mfano, ilishusha kiwango cha lazima cha fedha hizo hadi sifuri mwezi Machi 2020, lakini masharti ya mtaji hayakufutwa.

Tuje kwenye mkopo, ambapo mwenyekiti wenu, kwa heshima zote, amekosea. Nimesoma barua zote mbili hadi maandishi madogo ya mwisho. Benki ya asilimia 12 inahesabu riba juu ya mkopo wote wa awali kwa muda wote, hata baada ya nyinyi kuanza kuulipa. Benki ya asilimia 18 inahesabu riba juu ya salio linalopungua, yaani juu ya kile kilichobaki tu kila mwezi.

Mkopo ni 12,000 kwa miezi 12. Benki ya kwanza inachukua asilimia 12 ya 12,000, yaani 1,440, inaijumlisha na mkopo na kugawa kwa 12. Mtalipa 1,120 kila mwezi. Lakini nyinyi hamtakuwa na hiyo 12,000 mwaka mzima. Mwezi wa saba mmesharudisha karibu nusu, na bado mnatozwa kana kwamba mnayo yote. Ukiipima kwa njia ya salio linalopungua, riba hiyo ni karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Kuna kingine: barua inasema ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 3, na itakatwa mwanzoni. Kwa hiyo mtapokea 11,640 mkononi huku mkilipa kana kwamba mlipokea 12,000. Ukiingiza ada hiyo kwenye hesabu, mnafika karibu asilimia 27.

Benki ya pili, asilimia 18 juu ya salio, haina ada. Marejesho ni karibu 1,100 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni karibu 1,202. Ya kwanza, riba na ada pamoja, ni 1,800. Iliyoandikwa 18 ni nafuu kuliko iliyoandikwa 12, na tofauti yake ni karibu 600.

Kwa hiyo usilinganishe asilimia kabla hujajua ni asilimia ya nini. Kila mkopeshaji muulize mambo mawili kwa maandishi: tutapokea kiasi gani mkononi, na tutalipa kiasi gani siku zipi mpaka mwisho. Ukiwa na orodha hizo mbili, hata mtu asiyejua neno lolote la benki anaweza kulinganisha. Uliza pia itakuwaje mkilipa mapema. Kwa mkopo wa salio linalopungua, ukilipa mapema unaokoa riba ya miezi iliyobaki, isipokuwa mkataba una adhabu. Kwa ule wa aina ya kwanza, riba imeshahesabiwa yote tangu siku ya kwanza, na mkataba usiposema lolote juu ya punguzo, huenda msiokoe kitu. Na kama riba inabadilika, soma imefungwa na kiwango gani, nani anakitangaza, na nyongeza ya benki juu yake ni ngapi. Kiwango kikipanda kutoka 5 hadi 6, hiyo ni pointi moja ya asilimia, lakini gharama yako ya riba imeongezeka kwa asilimia 20. Magazeti huchanganya mambo hayo mawili kila wiki.

Kabla hamjakopa popote, nirudi kwa wale wadaiwa. Mkiwafikisha kwenye siku 45 badala ya 91, wadaiwa watashuka hadi karibu 2,500, na 2,500 nyingine itaingia benki bila riba wala rehani. Mkopo mtakaouhitaji baada ya hapo utakuwa mdogo. Kutumia mkopo wenye riba ya asilimia 18 ili mteja wenu akae na fedha zenu bure kwa miezi mitatu ni kumkopesha yeye kwa gharama yenu.

Barua zote mbili zinataka dhamana, na hapa nakuomba usome pole pole. Mashine itawekwa rehani, maana yake mkishindwa kulipa benki inaweza kuiuza na kujilipa. Kama bei yake haitoshi, deni lililobaki halifutiki. Zaidi ya hapo, benki ya kwanza inataka wajumbe watano wa kamati watie saini kuwa wadhamini. Ushirika wenu umesajiliwa na dhima ya wanachama ina kikomo: ukifilisika, mwanachama anapoteza hisa zake na hapo ndipo mwisho. Saini ya mdhamini inavunja ukuta huo kwa aliyetia saini. Na imeandikwa "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo hayamaanishi kwamba kila mmoja wenu atabeba sehemu moja ya tano. Yanaipa benki ruhusa ya kumfuata mmoja wenu, yeyote, kwa deni lote, kisha yeye ahangaike na wenzake wanne. Benki ina kawaida ya kumfuata mwenye mali inayoonekana. Kama katika watano hao wewe ndiye mwenye nyumba, jua unachokitia saini. Mimi singetia.

Hatifungani. Mweka hazina hajakosea kabisa, ila amesema nusu. Hatifungani ni mkopo ambao wewe unautoa: serikali au kampuni inakuwa mdaiwa wako, inakulipa riba kwa vipindi vilivyopangwa, na ikiiva inakurudishia kiasi kilichoandikwa. Hisa ni kitu kingine. Mwenye hisa hamdai mtu kiasi maalumu. Anapata kinachobaki baada ya wote kulipwa, na mwaka ambao hakuna kilichobaki hapati gawio wala hana pa kushtaki. Kampuni ikifilisika, wenye hatifungani hulipwa kabla ya wenye hisa. Ndiyo maana faida inayotarajiwa kwenye hisa huwa kubwa zaidi, na usiku wa kukosa usingizi pia.

Anaposema hazina hatari anafikiria hatari moja, ya mdaiwa kukimbia. Iko ya pili. Tuseme una hatifungani ya 1,000 inayolipa 80 kwa mwaka, imebakiza miaka kumi kuiva. Riba za nchi zikipanda, hatifungani mpya za aina hiyo zikaanza kulipa 110, nani atanunua yako kwa 1,000? Ataitaka kwa bei itakayompa faida sawa na ile mpya, na bei hiyo ni karibu 823. Riba zikipanda, bei za hatifungani zilizokwisha tolewa hushuka, na zenye miaka mingi mbele hushuka zaidi. Ukiishika mpaka ikaiva, utapata 1,000 yako yote. Ukilazimika kuiuza kesho, umepoteza 177. Hapo sijagusa bado mfumuko wa bei: riba ya 8 mwaka ambao bei zimepanda kwa asilimia 6 imekuongezea uwezo wa kununua kwa asilimia 2 hivi tu.

Mfano wa jambo hili ni wa mwaka 2023. Silicon Valley Bank ya California ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya fedha za wateja kwenye hatifungani za muda mrefu, nyingi za serikali ya Marekani au zilizodhaminiwa nayo. Mdaiwa wa kuaminika kuliko huyo ni nani? Lakini kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 4.5 ndani ya mwaka mmoja, na bei za hatifungani hizo zikaporomoka. Wateja walipoanza kuhitaji fedha zao, benki ikauza hatifungani za karibu dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8, na tarehe 8 Machi 2023 ikalitangaza hilo. Kesho yake wateja waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Wengi walikuwa na amana kubwa kuliko dola 250,000, kiwango ambacho bima ya amana ya nchi hiyo inakilinda, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kukimbia. Tarehe 10 wasimamizi wakaifunga. Siku mbili baadaye serikali ikasema wenye amana wote watalipwa, lakini wenye hisa walibaki mikono mitupu.

Neno la kushika hapo ni ukwasi. Ukwasi ni uwezo wa kulipa kinachodaiwa leo kwa fedha iliyopo leo. Uwezo wa kufidia madeni yote kwa mali zote, muda ukiruhusu, ni jambo jingine, na mtu anaweza kuwa na moja akakosa la pili. Mwenye shamba kubwa asiye na nauli ana mali, hana ukwasi. Benki ile ilikosa ukwasi kwanza, na kuuza kwa haraka ili kuutafuta kukafichua kwamba hata mali zake hazikuwa na thamani iliyodhaniwa.

Nyinyi mko wapi? Mali mnazotegemea zigeuke fedha ndani ya mwaka, yaani taslimu, wadaiwa na bidhaa, ni 9,300. Madeni ya ndani ya mwaka ni wadai 1,800 na marejesho ya mkopo wa zamani 2,000, jumla 3,800. Gawanya: 2.4. Kwa kanuni za vitabuni mko vizuri. Ondoa bidhaa za ghalani, ambazo bado hazijapata mnunuzi, uwiano unashuka hadi 1.4 hivi. Ondoa na wadaiwa, mnabaki na 300 dhidi ya 3,800. Tarakimu hizo tatu zimetoka kwenye ukurasa mmoja, na msomaji wa haraka huwaonyesha wanachama ile ya kwanza. Hatifungani za miaka kumi si za ushirika ulio hapo. Mkishakusanya madeni na kulipa yanayodaiwa, kinachozidi kiwekeni kwanza mahali mnapoweza kukitoa ndani ya miezi mitatu.

Umeuliza pia, pembeni ya ukurasa wa nne, kwa nini, kwenye bidhaa yenu mojawapo, katibu anasema mnapata asilimia 25 na ripoti inasema faida ghafi, yaani bei ya kuuza ukitoa ya kununua, ni asilimia 20. Mnanunua kwa 80 na kuuza kwa 100. Katibu anagawa 20 kwa bei ya kununua, ripoti inagawa kwa bei ya kuuza. Ugomvi umeisha. Ila mkimpa mteja punguzo, kumbukeni kwamba punguzo hukatwa kwenye 100: punguzo la asilimia 10 linachukua nusu ya faida hiyo.

La mwisho ni ile hati safi ya mkaguzi iliyobandikwa mbele ya ripoti, ambayo mwenyekiti ameitaja mara tatu kwenye hotuba yake. Hati safi inasema kwamba, kwa maoni ya mkaguzi, taarifa zimeandaliwa kwa kufuata kanuni na hazina upotofu mkubwa. Haisemi kwamba biashara inakwenda vizuri, wala kwamba bei ya mkopo ni nzuri, wala kwamba wadaiwa watalipa. Kampuni inayoelekea kufa inaweza kupewa hati safi kabisa, mradi imeeleza wazi kwamba inaelekea kufa. Kwa hiyo ukiimaliza hati hiyo, fungua maelezo ya nyuma ya ripoti, yale yenye herufi ndogo. Kwenye ripoti yenu, maelezo ya saba yana orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: chini ya siku 30, siku 31 hadi 90, na zaidi ya hapo. Mhasibu ameandika jumla, safu za umri ameziacha wazi. Mwombe azijaze kabla ya mkutano, na jina la kila mdaiwa aliyepita siku 90 liwepo.